Nyumba Kando ya Ziwa: Historia ya Ujiji na Mafunzo Yake kwa Wanaotaka Kujenga



Kila tunapokutana katika mkutano wetu, mazungumzo hubadilika kufuatana na umri. Zamani tulizungumza juu ya kazi na uhamisho. Baadaye tukazungumza juu ya ada za watoto. Siku hizi tunazungumza juu ya mahali pa kupumzikia, na wengi wetu hutamka neno moja tu: ziwa. Huyu anatafuta kiwanja Bukoba, yule Musoma, mwingine anataka Mbamba Bay, na wapo wanaoniuliza mimi habari za Kigoma na Ujiji kwa sababu wanajua nimejenga huku.

Mhariri ameniomba nieleze raha ya kuwa na nyumba ziwani. Nimekubali, lakini nimeona heri nitoe historia zaidi kuliko sifa. Uzuri wa ziwa mtu hauhitaji kuelezwa. Akisimama ufukoni jioni moja atauona mwenyewe. Asichoweza kukiona kwa jioni moja ni tabia ya ziwa kwa muda wa miaka mia. Na hiyo ndiyo itakayomwambia aweke wapi msingi wa nyumba yake.

RAHA YENYEWE

Nisije nikadhaniwa kuwa nawakatisha tamaa, kwanza nitaje raha. Ujiji iko upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo jua huzama mbele yetu, nyuma ya milima ya Kongo. Mvua zikishasafisha hewa, milima hiyo huonekana kama iko jirani kabisa. Wakati wa kiangazi, moshi wa nyasi zinazochomwa huifunika, na mgeni anaweza kuapa kwamba ziwa hili halina ng'ambo.

Mwenye nyumba huku hana haja ya kalenda ukutani. Wavuvi wa dagaa huenda na mwezi. Usiku wa giza huingia ziwani na taa zao, kwa maana dagaa hufuata mwanga, na ukitazama kutoka barazani utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Mbalamwezi inapong'aa usiku kucha, mji huo hutoweka. Wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Babu zao waliwasha mienge, baba zao wakatumia karabai, na wao leo hutumia taa za betri na za umeme wa jua. Chombo kimebadilika lakini mwezi ni ule ule.

Asubuhi dagaa huanikwa, na harufu yake humfikia kila mtu, apende asipende. Mchana kuna mgebuka au kuhe, mawese ya michikichi yetu wenyewe, na ugali wa muhogo. Lakini hata hapo ziwa lina amri yake. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Katika miezi hiyo tulikula maharage na kunyamaza. Anayeishi kando ya ziwa ni mpangaji, hata kama ana hati ya nyumba mkononi. Maneno haya si mzaha, na historia ya Ujiji itawathibitishia.

MJI WA MISAFARA

Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Pembe za ndovu na watumwa walivushwa hapa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, na msafara ulipumzika hapa kabla ya kuanza safari ndefu ya kwenda pwani. Kutokana na misafara hiyo Ujiji ikapata wakazi wa asili nyingi, Waha wenyeji, Wamanyema, Wabwari, Waarabu na watu wa pwani, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Ujiji hakubali kuambiwa kwamba Kiswahili ni cha pwani peke yake.

Burton na Speke walifika hapa mwezi Februari 1858. Livingstone alifika baadaye, na mwaka 1871 Stanley akamkuta hapa, habari ambayo kila mmoja wetu aliikariri darasani. Lakini jambo lenye maana zaidi kwetu sisi tunaotaka kujenga haliko katika salamu za Wazungu wale wawili. Liko katika yale aliyoyaona Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876.

Aliona kuwa pwani aliyoijua haipo. Miti mitatu ya jamii ya michikichi, iliyokuwa imesimama sokoni mwaka 1871, sasa ilikuwa ndani ya ziwa, kama futi mia kutoka ukingoni. Mchanga ambao yeye na Livingstone walikuwa wakitembea juu yake asubuhi ulikuwa umefunikwa na maji. Miaka mitano tu ilikuwa imepita.

MLANGO WA LUKUGA

Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilometa 670, na kina chake kikubwa hukaribia meta 1,470. Duniani ni Ziwa Baikal tu linalolizidi kwa kina. Hupokea mito mingi, mikubwa ikiwa Malagarasi na Ruzizi, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, upande wa Kongo, penye mji wa Kalemie. Sehemu kubwa ya maji yanayoondoka ziwani haipiti hata mlangoni. Hupaa hewani kwa joto la jua. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka michache mfululizo, ziwa hupanda. Zikipungua, hushuka.

Karne ya kumi na tisa jambo hili lilikuwa na uzito zaidi, kwani mlango wenyewe ulikuwa umeziba. Cameron aliufikia Lukuga mwaka 1874 akaukuta umejaa majani na matete. Stanley naye mwaka 1876 aliukagua, akaona bado haujawa mto unaotoka sawasawa. Ziwa lilikuwa likijaa kama mtungi. Karibu na mwaka 1878 maji yakakishinda kizuizi hicho, yakakata tope na kulichukua. Thomson alipofika huko mwishoni mwa mwaka 1879 aliukuta mto wenye nguvu unakwenda magharibi kuelekea Lualaba.

Tangu hapo ziwa likaanza kushuka. Kwa muda usiozidi miaka ishirini lilishuka karibu meta 10. Hore, mmisionari wa Shirika la Misioni la London aliyeanza kukaa Ujiji mwaka 1878, alishuhudia mwanzo wa kushuka huko, naye akawa miongoni mwa watu wa kwanza kukuwekea kumbukumbu.

Sasa fikirini maana yake kwa mji uliojengwa pwani ya tambarare. Watu waliokuwa wakisogeza soko kukimbia maji, sasa waliona maji yanawakimbia wao. Ardhi mpya ikatokea mbele ya baraza za zamani. Hata leo, mgeni anayezuru jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, chini ya miembe, hushangaa kwamba haoni maji karibu yake. Lazima atembee kwanza.

BANDARI YAHAMA, NYUMBA ZABAKI

Kukimbia kwa maji kulichangia kuipokonya Ujiji bandari. Wajerumani waliweka kituo chao Ujiji mwaka 1896, lakini walipojenga reli kutoka Dar es Salaam waliipeleka Kigoma, kilometa chache kaskazini, penye ghuba yenye kina na iliyokingwa na vilima. Reli ilifika huko mwaka 1914. Meli ya Graf von Goetzen, iliyoundwa Ujerumani na kuletwa vipande vipande, iliunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 walipokuwa wakirudi nyuma vitani, na baada ya kuopolewa ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Wengi husema kwamba hapo Ujiji ilikufa. Mimi sikubaliani nao. Ilipoteza makuli, maghala na ofisi, ikabakiwa na nyumba. Mji uliokuwa wa kupitia ukawa mji wa kukaa. Baraza zikabaki, miembe ikabaki, misikiti ikabaki, na majirani waliojuana kwa vizazi wakabaki. Kigoma mtu huenda kutafuta riziki; Ujiji hurudi kulala. Raha ninayowaelezea leo kwa kiasi fulani ni zawadi ya bandari iliyohama.

MAJI YARUDI

Baada ya kushuka huko, ziwa lilitulia kwa muda mrefu, na kizazi kizima kikazoea kudhani kwamba ukingo ni mahali pasipobadilika. Mwishoni mwa mwaka 1961 zikaja mvua kubwa katika Afrika Mashariki yote. Maziwa yakapanda pamoja. Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya meta 2 kwa miaka mitatu, na Ziwa Tanganyika likafikia kilele mwaka 1964. Waliojenga chini wakahama.

Kisha maji yakashuka tena, polepole, na watu wakasahau tena. Vijana waliozaliwa baadaye waliona mchanga mtupu, wakapima viwanja. Zikafuata mvua za mwaka 2019 na 2020. Mwezi Mei 2020 Ziwa Viktoria lilirudi katika kimo cha mwaka 1964. Ziwa Tanganyika nalo likapanda, likaingia katika nyumba, maduka na mialo ya Kigoma, na katika mitaa ya Bujumbura, Uvira na Kalemie. Mwaka 2024 likapanda tena. Kuna nyumba nzuri, za watu waliotumia kiinua mgongo chao chote, ambazo leo samaki hupita dirishani. Waliopatwa na hayo ni watu wa rika letu hasa.

Wengi walisema kwamba ziwa limewavamia. Historia inasema vingine. Ziwa halikuvamia mtu. Lilirudi katika shamba lake. Ardhi inayoachwa na maji ni ya mkopo, na mkopo huo hauna tarehe ya kurudishwa iliyoandikwa. Ndiyo maana watu husahau kwamba ni mkopo.

KWA ANAYETAKA KUJENGA

Ndugu zangu, sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa, bahari au mto. Wengi huiona kuwa ni sheria ya kuwanyima watu raha. Mimi naiona kuwa ni mwanzo tu, wala haitoshi kila mahali. Kwenye vilima vya Kigoma, meta 60 zinaweza kukupandisha juu sana. Kwenye tambarare ya Ujiji, ambako ardhi huweza kuinuka meta 1 tu kwa kila meta 100, maji yakipanda meta 2 yatatembea meta 200. Kwa hiyo mtu asipime kwa hatua peke yake, apime kimo.

Jambo la pili, tazameni miti. Mwembe mkubwa wenye umri wa kuzidi wetu ni shahidi mzuri, kwa maana mwembe hauzeekei ndani ya maji. Penye vichaka vya juzi tu na mchanga mlaini, ulizeni sababu yake.

Jambo la tatu ndilo la haraka kuliko yote. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1964 sasa amekwisha kuvuka sabini. Yeye ndiye anayejua maji yalifika mti gani, mlango gani, njia gani. Hayo hayamo katika ramani ya kiwanja wala dalali hatakuambia. Keti naye barazani, umwamkie, umuulize, na uyaandike, kabla hajaondoka nayo.

Nyumba iliyojengwa juu kidogo haipungukiwi na raha yoyote kati ya zile nilizozitaja. Jua litazama mbele yake vilevile. Taa za wavuvi zitaonekana, tena vizuri zaidi. Dagaa watanuka mpaka huko, msiwe na wasiwasi. Kitu pekee atakachokikosa mwenye nyumba hiyo ni kuamka usiku wa mvua na kukanyaga maji kitandani.

Ziwa limekuwa hapa kwa mamilioni ya miaka. Sisi tumekuja juzi na misafara, na wengine jana na pensheni. Tukiliachia pwani yake, nalo litatuachia baraza zetu, na wajukuu watatukuta pale pale tulipowaambia tupo. Karibuni Ujiji, ndugu zangu. Viwanja vya juu bado vipo.