Arobaini Yako na Siku 30 za Kanuni (Sehemu ya 7)

Ndaga mama zangu wa Msasani na Tukuyu yote, na ninyi akina baba mnaosoma kimyakimya. Leo tunaacha uji wa lishe, tuongelee kazi.

Sheria ya usalama wa kazi ya 1964 ilipeleka ugomvi wa kufukuzwa kwenye mabaraza ya usuluhishi, na mwisho wa safari alikuwa Waziri. Mwaka 1982 ikaja Sheria Namba 2: mwajiri wa watu 50 na zaidi awe na asilimia 2 wenye ulemavu. Ile ya 2010 ikashusha hadi watu 20, ikapandisha asilimia kuwa 3.

Lakini inayokugusa wewe zaidi ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 37 kinakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito au kwa sababu ya ulemavu. Vimeandikwa jirani kabisa! Usiseme ulemavu ni wa wengine. Kifafa cha mimba kinaweza kuacha kiharusi. Uchungu uliokwama unaweza kuacha fistula, au mguu ukalegea. Mtu anaingia leba akitembea mwenyewe, anatoka akishikiliwa.

Sasa hesabu. Ukisoma sheria yenyewe hutaona siku za kupeleka malalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zimo kwenye Kanuni za 2007, Tangazo la Serikali Namba 64. Umeachishwa kazi: siku 30. Mgogoro mwingine, mfano umebaguliwa ila bado uko kazini: siku 60 tangu ulipotokea.

Likizo ya uzazi ni siku 84, mapacha 100. Barua ya kuachishwa ikikufikia wiki uliyojifungua, arobaini haijaisha na siku zako zimekwisha. Hudhurio la siku ya 42 linakukuta umechelewa siku 12. Naelewa walitaka kesi zisikae miaka, ila sidhani aliyepanga zile 30 alikuwa na mzazi mawazoni.

Na bosi akikwambia "subiri kwanza tuongee", ongeeni, ila siku zinaendelea kuhesabika.

Ukichelewa, kuna fomu namba 2 ya CMA ya kuomba kuongezewa muda, unaijaza pamoja na namba 1 ya malalamiko. Lazima uwe na sababu ya msingi, na mahakama zetu hutaka kila siku ya kuchelewa ielezwe. Hapo ndipo karatasi za hospitali zinafanya kazi: ya kuruhusiwa wodini, kadi ya kliniki, barua ya rufaa, zote zenye tarehe. Msizifungie maandazi jamani! Kama huwezi kutoka, mtume mumeo au ndugu Mbeya mjini akaulize CMA, au chama cha wafanyakazi kama ni mwanachama.

Walimu na manesi wa serikali, njia yenu inaanzia kwenye rufaa za utumishi wa umma, si CMA moja kwa moja. Hiyo nitaiandika Alhamisi.