Taa Iwashwayo na Adui

Penisilini ilikuwa haijaenea hospitalini pale mharibifu wake alipotambuliwa. Mwezi wa Desemba 1940, huko Oxford, Edward Abraham na Ernst Chain walitangaza kwamba bakteria wa matumboni hutoa kimeng'enya kiiharibucho dawa hiyo. Wakakiita penisilinasi. Kazi yake ni kukata pete ndogo ya pembe nne iliyomo ndani ya dawa. Pete ikishakatika, nguvu ya dawa imekwisha.

Tabibu mwenye mgonjwa mahututi ataka kujua kama dawa itafaa, naye ataka kujua leo. Njia ya zamani, ya kuotesha vijidudu pamoja na dawa katika sahani, humjibu kesho au kesho kutwa. Ndipo wakemia walipowaza jambo la werevu: maadamu kimeng'enya hakiachi kukata, na kipewe kitu ambacho kikikatwa kitajitangaza. Mwaka 1972, Uingereza, Cynthia O'Callaghan na wenzake walieleza nitrosefini, ambayo ikikatwa hugeuka kutoka manjano kuwa nyekundu. Hiyo ilikuwa rangi tu, haikuwa nuru. Nuru ilikuja mwaka 1998, huko California, Gregor Zlokarnik, Roger Tsien na wenzao walipounganisha rangi mbili zing'aazo kwa kiungo cha sefalosporini, dawa iliyo jamaa ya penisilini. Kikimulikwa kiungo kikiwa kizima, hung'aa kijani. Kikikatwa, hung'aa buluu. Ajabu ni kwamba wao walikuwa wakichunguza jeni katika chembe hai, wala hawakuwa wakitafuta usugu wa bakteria. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Stanford, kundi la Jianghong Rao liliifunga kwenye sefalosporini luciferini, kemikali ya nuru ya kimulimuli. Penisilinasi ikiifungua, nayo ikakutana na kimeng'enya cha kimulimuli, huwaka yenyewe pasipo kumulikwa. Silaha ya bakteria imekuwa kiberiti.

Lakini si kila usugu hutumia silaha hiyo. Methisilini ilitengenezwa makusudi ili isikatwe na penisilinasi ya stafilokoka. Hata hivyo mwaka 1961, Uingereza, walitangazwa stafilokoka wasioijali. Baadaye ikagunduliwa kwamba hawakuikata: walikuwa na protini nyingine ya kujengea ukuta wao, ambayo dawa haiishiki vema. Kwa usugu wa namna hii kiberiti hakina la kuwasha. Sahani ikibaki gizani, tabibu amejua tu kwamba kiungo hakikukatwa. Kama dawa itamponya mgonjwa wake, hilo hajajibiwa, na humbidi kuotesha na kungoja.