Mustang za zamani na namna ya kuzifunza kona

FORD Mustang ilipozinduliwa jijini New York Aprili 17, 1964, wanunuzi walivutiwa na umbo lake na, kwa waliomudu, injini yake ya V8. Chini ya umbo hilo, hata hivyo, mlikuwa na mifupa ya Falcon, gari la kawaida la bei nafuu. Ndiyo sababu gari hilo hutimua mbio barabara inyookapo, lakini hubabaika mara tu kona inapojitokeza.

Kiini cha tatizo kiko mbele. Kila gurudumu la mbele hushikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mwingine chini, na springi hukalia ule wa juu. Gari linapokata kona na kulala upande, mkono wa juu, jinsi ulivyofungwa kiwandani, huliacha gurudumu lililobeba uzito liinamie nje. Tairi basi hukanyaga lami kwa ukingo wake badala ya uso mzima. Dereva hukata usukani, nayo pua ya gari huendelea kwenda mbele.

Tiba ilipatikana ndani ya Ford kwenyewe. Mhandisi Klaus Arning alikokotoa kwamba mkono wa juu ukifungwa chini kidogo, gurudumu husimama wima zaidi kwenye kona. Carroll Shelby alitumia hesabu hiyo katika GT350 ya 1965: matundu mapya yalitobolewa inchi moja, yaani takriban milimita 25, chini ya yale ya awali. Akaongeza shokomzoba za Koni, fimbo nene ya kupunguza gari kulala, na vyuma vya kuizuia ekseli ya nyuma kujipinda. GT350 ilitwaa ubingwa wa SCCA daraja la B Production mwaka wa 1965, 1966 na 1967. Ajabu ni kwamba magari ya 1966 yakiendelea kuundwa, utobozi huo uliachwa ili kubana gharama. Wahasibu nao wana lao!

Wakenya wanaikumbuka familia hii ya magari. Katika East African Safari ya 1964, Mercury Comet, nduguye Falcon, zililetwa kwa kishindo lakini nyingi hazikumaliza. Ushindi ukaenda kwa Peter Hughes na Ford Cortina yake.

Anayefufua Mustang leo na aanze na bushi za mpira, kwa kuwa zilizodumu miaka 60 zimekauka, na hakuna kipuri kipya kitakachofaa juu yake. Kisha ndipo atoboe. Kosa la kawaida ni kukata springi ili gari lionekane limeinama: springi iliyokatwa hugonga mwisho wake upesi, na gurudumu bado huinamia nje. Kuteremsha mkono zaidi ya inchi moja nako huweza kuikwamisha boli inayouunganisha na gurudumu.

Tahadhari kubwa ni wakati wa kuitoa springi. Iliyobanwa huwa na nguvu za kuua, hivyo fundi asiye na kibanio madhubuti asiiguse kamwe.

Kazi ikiisha, magurudumu yapimwe upya. Vipimo vya kitabu cha 1965 viliwekewa tairi za enzi hiyo. Tairi za radiali za leo huhitaji gurudumu liinamie ndani kidogo, nusu digrii hadi digrii moja.