Mke Asiyeridhika Katika Sinema: Habari za Hukumu Mbili

Katika lugha yetu neno "uzinzi" hutoa hukumu kabla shauri halijasikizwa. Lasema alilotenda mwanamke. Alichokikosa nyumbani mwake halikisemi. Michezo ya sinema isimuliayo habari za mke atafutaye mahaba nje ya ndoa imejaribu kukisema, na mara nyingine mahakama iliingia kati. Nitataja miwili tu.

Wa kwanza ni Madame Bovary, ulioongozwa na Vincente Minnelli huko Hollywood mwaka 1949 kutokana na riwaya ya Gustave Flaubert. Hauanzi na Emma, waanza na kesi. Flaubert, aigizwaye na James Mason, yuko mahakamani Paris mwaka 1857, ameshitakiwa kwa kuvunja heshima ya maadili na ya dini, na kisa kizima akisimulia yeye kama utetezi wake. Kesi hiyo ilikuwako kweli, na mtungaji aliachiliwa tarehe 7 Februari. Kwa nini ikatiwa katika sinema? Tangu mwaka 1934 Hollywood ilikuwa ikitekeleza kwa ukali kanuni zilizokataza uzinzi kuhalalishwa au kupambwa. Naona kesi ya kale ilifanywa ngao ya mchezo mpya.

Ngao hiyo ilikuwa na gharama yake, nayo yaonekana kwa mume. Katika riwaya, Charles, tabibu asiye hodari, ampasua mtumishi mwenye mguu uliopinda. Mguu waoza hata wakatwa, na Emma amdharau kabisa. Katika sinema Charles akataa kupasua. Amekuwa muungwana ajuaye mpaka wake, na dharau ya mkewe, iliyokuwa na sababu, yaonekana ukaidi mtupu. Hata hivyo iko dansi katika jumba la mkabaila: Emma ajiona kiooni amezungukwa na wanaume, madirisha yavunjwa ili apate hewa, kisha mumewe aingia akiyumba kwa ulevi. Hapo Emma atetewa bila wakili.

Wa pili ni Les Amants wa Louis Malle, uliotoka Ufaransa mwaka 1958. Jeanne Moreau aigiza mke wa mwenye gazeti karibu na Dijon. Anaye hawara Paris, na wote wawili wamemchosha. Gari lake laharibika njiani, kijana asiyemjua amchukua, na alfajiri ya pili aondoka naye, akiacha mume na mtoto. Njiani hofu yamwingia, lakini harudi. Hafi, wala hatubu.

Hukumu iliyokosekana ndani ya hadithi ikatafutwa nje. Nico Jacobellis, meneja wa ukumbi wa sinema katika jimbo la Ohio, alitozwa faini ya dola 2,500 kwa kuuonyesha mchezo huo. Tarehe 22 Juni 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitangua hukumu hiyo. Hakimu Potter Stewart alikiri kwamba huenda asiweze kamwe kueleza uchafu ni nini, ila huutambua auonapo, na huu haukuwa huo. Sisi tutungao kamusi hatuna haki ya kumcheka. Mahakimu sita waliafikiana kwamba Jacobellis hana hatia. Juu ya sababu hawakuafikiana.