Kuiga na Kunakili

Magomvi mengi ya wachoraji mashabiki, yaani wale wanaochora upya wahusika wa katuni au filamu waipendayo na kuzitia kazi zao mtandaoni, hutokana na kuchanganywa kwa vitenzi viwili. Kuiga ni kufuata mtindo wa mwingine huku mkono ukibaki wa mwigaji mwenyewe. Kunakili, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kuhamisha kitu kama kilivyo, mstari kwa mstari.

Tofauti hiyo hudhihirika katika picha za Tingatinga wanazouziwa watalii Diani, katika pwani ya Kenya. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya hadibodi, alifariki mwaka 1972, na wafuasi wake, waliounda ushirika mwaka 1990, wakaendeleza chui na ndege wa mtindo wake, kila mmoja akitia saini yake pembeni. Saini hiyo, ambayo mnunuzi huipita bila kuitazama, ina uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani huonyesha mkono ni wa nani.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo humhifadhia mtunzi haki ya kutambuliwa. Hivyo, kijana wa Ukunda anayenakili mchoro wa mwenzake wa Msambweni hana budi kumwomba ruhusa na kumtaja, naye mlalamikaji yampasa kupima kwanza kama amenakiliwa au ameigwa tu, kwani sura na mavazi ya mhusika ni mali ya mwenye hakimiliki yake, wala si ya shabiki yeyote.