Uchezaji wa muziki bila pengo

Uchezaji bila pengo ni kupiga faili za muziki zinazofuatana pasipo ukimya kuingia kati yake. Kwa msikilizaji wa Kasongo au Kabambare, mashariki mwa Kongo, huenda hilo likaonekana anasa ya wenye spika za bei kubwa, lakini rumba ya Kongo ni miongoni mwa miziki inayoumizwa sana na pengo. Katika miaka ya 1970 nyimbo za Kinshasa zilitoka kwa wingi katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo upande mmoja ulibeba dakika chache tu. Wimbo mrefu ulipasuliwa: maneno huku, sebene, yaani sehemu ya magitaa ya kuchezea dansi, kule. Zikihamishiwa kwenye kompyuta upande kwa upande, santuri hizo huzaa faili mbili za wimbo mmoja.

Chanzo cha pengo ni faili yenyewe, kabla ya simu inayoipiga. MP3, mfumo uliochapishwa mwaka 1993, hukata sauti katika fremu za sampuli 1,152, takriban milisekunde 26 kwa sauti yenye sampuli 44,100 kwa sekunde. Programu ya kubana ya LAME kwa kawaida hutanguliza sampuli tupu 576, kisomaji, yaani programu inayoifungua faili, huchelewesha nyingine 529, na fremu ya mwisho isipojaa hujazwa ukimya. Jumla yaweza kufika milisekunde 50, hata kabla simu haijaanza kutafuta faili inayofuata. Katika sebene ya mapigo 140 kwa dakika, hiyo ni karibu sehemu ya nane ya pigo, na mchezaji dansi huisikia miguuni. LAME huandika mwanzoni mwa faili idadi ya sampuli za kukatwa. Kisomaji kinachoielewa hukata sawasawa. Mifumo mingine, FLAC na Vorbis, hutunza urefu kamili wa sauti.

Wapo wanaosema inatosha kufifisha wimbo mmoja huku mwingine ukipanda. Hapana: hapo magitaa mawili hugongana, kila moja na pigo lake. Hoja nzito zaidi ni kwamba santuri nyingi zilififishwa kiwandani mwishoni mwa upande wa kwanza, na hakuna kisomaji kinachoweza kurudisha kilichofutwa. Ni kweli, hapo kazi ni ya mhariri wa sauti. Tena, nyimbo zikipita kwa Bluetooth na kadi ya memori, maelezo ya LAME husafiri salama ndani ya faili, ila mpangilio huvurugika, maana redio nyingi za bei nafuu hufuata zamu ya kunakiliwa, hazisomi majina. Kwa hiyo ni heri pande mbili ziunganishwe kuwa faili moja, na ziunganishwe zikiwa bado hazijabanwa: MP3 mbili zikigandishwa mkia kwa kichwa, ukimya wake hubaki katikati ya wimbo.