Nani Mwenye Kauli ya Mwisho juu ya Sura ya Kitufe? Majina ya Mitindo katika Google Web Toolkit, 2006–2010

1. Utangulizi

Kila kitufe kinachoonekana katika ukurasa wa wavuti kina mabwana wengi. Mtengenezaji wa kivinjari amekwisha kukipa umbo la awali. Mwandishi wa ukurasa anataka kioane na kazi yake. Mtumiaji, hasa mwenye uoni hafifu, anaweza kuhitaji herufi zake ziwe kubwa zaidi au rangi zake zikolee. Lugha ya CSS iliundwa ili kusuluhisha madai hayo. Makala hii inachunguza jinsi usuluhishi huo ulivyobadilika CSS ilipoanza kutumika kupamba wijeti, yaani vitufe, menyu, majedwali na visanduku vya mazungumzo, ndani ya kiunzi kimoja cha programu za wavuti: Google Web Toolkit (kuanzia hapa, GWT). Hoja kuu ni kwamba kati ya mwaka 2006 na 2010 GWT ilitatua tatizo halisi la mgongano wa majina, lakini suluhisho hilo lilihamisha mamlaka juu ya sura ya wijeti kutoka kwenye laha ya mitindo, ambayo yeyote angeweza kuisoma na kuipinga, hadi kwenye msimbo wa Java, ambao mtayarishaji programu peke yake ndiye aliyeweza kuugusa.

2. Suluhu ya miaka ya 1994 hadi 1998

Tarehe 10 Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, aliyekuwa akifanya kazi CERN, alichapisha pendekezo la laha za mitindo kwa ajili ya HTML. Katika pendekezo hilo, matakwa yaliweza kuambatanishwa na asilimia, ili kivinjari kipime nani asikilizwe na kwa kiasi gani. Bert Bos, aliyekuwa akibuni kivinjari cha Argo, aliungana naye, na kazi yao ikazaa CSS1, iliyopitishwa na W3C tarehe 17 Desemba 1996. Asilimia zilikuwa zimeachwa, lakini wazo la mporomoko lilibaki: kanuni za pande kadhaa hukutana, kisha hupangwa kwa asili yake, uzito wake na mfuatano wake.

Swali la nani ashinde halikuishia hapo. Chini ya CSS1, mwandishi na mtumiaji walipotia wote alama ya !important katika kanuni zao, mwandishi ndiye aliyeshinda. CSS2, iliyotoka Mei 1998, iligeuza mpangilio huo na kumpa mtumiaji kauli ya mwisho. Katika maandishi ya kiufundi badiliko hilo ni dogo. Katika historia ya mamlaka juu ya ukurasa ni kubwa. Hata hivyo, haki hiyo ilibeba sharti moja. Ili mtumiaji aipinge kanuni ya mwandishi, lazima awe na jina la kukitajia kile anachotaka kukibadilisha: jina la elementi, la klasi au la sifa fulani. Haki isiyo na jina la kushikia hubaki haki ya karatasini.

3. Wijeti nje ya mipaka ya sheria

CSS ilibuniwa kwa kuzingatia matini: vichwa vya habari, aya na orodha. Viungo vya fomu, vilivyosanifishwa katika HTML 2.0 mwezi Novemba 1995, vilikuwa vitu vya namna nyingine, kwani vivinjari vingi viliviazima kutoka mfumo endeshi wa kompyuta. Kitufe cha Windows hakikufanana na kitufe cha Macintosh, na hakuna aliyejua kwa hakika ni sifa zipi za CSS zingekifikia. Hata CSS2.1, iliyopitishwa Juni 2011, ilieleza kuwa haifafanui sifa zipi zinahusu viungo vya fomu, ikawashauri waandishi wauchukulie uwezo wowote wa kivinjari katika eneo hilo kuwa wa majaribio.

Pengo hilo lina umuhimu mkubwa kwa historia iliyofuata. Watayarishaji waliotaka menyu au kitufe chenye sura moja katika vivinjari vyote walilazimika kukijenga upya kwa elementi zisizo na maana maalumu, kama div, au kwa seli za jedwali. Wijeti ya namna hiyo ilitii CSS, lakini jina la elementi yake halikueleza chochote. Utambulisho wake wote uliegemea jina la klasi.

4. Awamu ya majina ya wazi, 2006–2008

GWT ilizinduliwa Mei 2006. Mtayarishaji aliandika programu yake kwa Java, na kompaila ikaigeuza kuwa JavaScript. Kuhusu sura, kiunzi hiki kilifuata mwiko mmoja: mitindo isiandikwe ndani ya Java, bali iachiwe CSS. Kila wijeti ilipewa jina la klasi lililotabirika, likianza na jina la mradi na kumalizia na jina la wijeti, kama vile gwt-Button au gwt-DialogBox. Hali za wijeti zilionyeshwa kwa kuongeza kiambishi tamati: gwt-PushButton-up kwa kitufe kilichotulia, gwt-PushButton-down kwa kilichobonyezwa. Hata mtindo huu wa kurefusha majina ulitokana na udhaifu wa wakati wake, kwani Internet Explorer 6 haikushughulikia ipasavyo viteuzi vinavyounganisha klasi mbili.

Toleo la 1.5, la Agosti 2008, liliongeza mandhari zilizo tayari, yaani Standard, Chrome na Dark. Mtayarishaji aliyeyataja mandhari hayo katika faili la moduli alipata sura kamili, kisha akaibadilisha kidogo kidogo kwa laha yake. Majina yalikuwa mali ya umma. Msanifu asiyejua Java aliweza kupamba programu nzima, na mtumiaji aliyeandika laha yake binafsi aliweza kutaja gwt-Button akijua kwamba leo na kesho litakuwa jina lilelile.

Udhaifu wa utaratibu huu ulikuwa katika uwazi wake. Majina yote ya CSS huishi katika uwanja mmoja. Maktaba mbili zikichagua jina moja, kanuni za moja humwagikia nyingine, na kosa la tahajia katika jina hupita kimya bila onyo lolote.

5. Awamu ya majina yaliyofichwa, 2009–2010

Toleo la 2.0, la Desemba 2009, lilileta CssResource. Mtayarishaji alitangaza intafesi ya Java yenye methodi kwa kila klasi. Kompaila ilisoma laha ya mitindo, ikakataa klasi isiyo na methodi yake, kisha ikabadilisha kila jina kuwa herufi chache zisizo na maana kwa msomaji. Faida zilikuwa tatu: mgongano ulikoma, makosa yalinaswa kabla programu haijamfikia mtumiaji, na mafaili yalipungua ukubwa. Aliyetaka jina libaki kama lilivyo alilitangaza kwa @external. Yaani uwazi, uliokuwa kanuni, sasa ukawa hali ya kuombewa ruhusa.

Matokeo yake yanaonekana vizuri katika CellTable ya toleo la 2.1 (2010). Kubadilisha sura ya safu zake kulihitaji kuandika intafesi mpya ya rasilimali na kuikabidhi kwa jedwali wakati wa kuliunda. Kazi ambayo miaka miwili kabla ingefanywa na msanifu kwa mistari mitatu ya CSS sasa ilidai Java na kukompaili upya.

Inaweza kupingwa kwamba mtumiaji hakupoteza chochote, kwa kuwa kanuni yake ya !important iliendelea kushinda. Aidha, wijeti za zamani zilibaki na majina yake ya gwt-, na kadhaa kati yake zilikuwa zimepewa sifa ya role ya ARIA tangu toleo la 1.5. Pingamizi hili lina ukweli, lakini linahusu wijeti nzima tu. Mtumiaji angeweza kuishika CellTable kwa jina la elementi yake, table. Safu iliyoteuliwa, ambayo ndiyo hasa mwenye uoni hafifu angetaka kuikoleza, ilitambulika kwa jina lililozalishwa na kompaila, na jina hilo lingeweza kubadilika programu ilipokompailiwa tena.

6. Hitimisho

Uchunguzi huu unaonyesha kuwa CSS2 ilimpa mtumiaji ushindi katika mizani ya mporomoko, ilhali uamuzi halisi ulihamia hatua iliyotangulia mizani hiyo: hatua ya kutoa majina. Kujenga wijeti kwa elementi zisizo na maana kulimwachia bado jina la klasi. Kuficha jina la klasi kulimwachia bado jina la elementi. Mambo hayo mawili yalipokutana katika sehemu moja ya wijeti, hakubakiwa na pa kushikia. Kwa hiyo, tathmini ya kiunzi chochote cha wavuti kilichofuata inapaswa kuanza na swali la majina: yapi yameahidiwa kubaki, yameahidiwa kwa nani, na nani anaweza kuyabadilisha bila kumwarifu anayeyategemea.